Muulize Fundi: Kiwanja changu kimegeuka bahari

Mwezi huu barua karibu zote ni za Second Life, ile dunia ya kwenye kompyuta iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Mle unatembea kwa umbo lako la kompyuta, yaani avata, unajenga, unauza, na unanunua ardhi, ambako ndiko kesi nyingi zinakoanzia. Kuna atakayeshangaa kwamba bado ipo. Ipo, na mimi nimo tangu 2008.

*Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mama wa Kizanzibari, naishi Ruwi, Muscat. Kule Second Life nina duka la kanga na milango ya nakshi, vyote kazi ya mikono yangu. Miezi tisa iliyopita nilinunua kiwanja kwenye kisiwa cha mtu, na dirisha la ardhi likaandika jina langu kwenye nafasi ya mwenye mali. Kila wiki nikimlipa mwenye kisiwa dola za Linden 900, fedha ya kulekule. Jumatatu naingia, natupwa mahali nisipopajua. Nikifungua ramani naona bahari tupu. Mwenye kisiwa hajibu, na nilishamlipa mwezi mzima mbele. Ardhi yangu iko wapi?*

Wa alaykum salaam, mama, na pole sana. Ardhi haiko popote, na kwa kweli haikuwa yako hata siku ile jina lako lilipoandikwa. Vumilia nieleze, halafu tutarudi kwenye kinachookoleka.

Mimi mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Nyumba yake, ardhi ya mwingine. Mwisho wa mwezi alifunga hela kwenye ncha ya leso (nyinyi mwaita kanga), akaenda kulipa kodi ya ardhi, akirudi risiti anaitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati. Sisi twaita nyumba bila ardhi, na Mombasa watu wamerithishana na kuuziana nyumba za namna hiyo miaka nenda miaka rudi. Bibi hakuwa na hati ya ardhi, lakini alijua vizuri kilicho chake ni kuta na paa, na alijua ni mlango wa nani wa kubisha mambo yakiharibika.

Visiwa vya Second Life ndivyo vilivyo, ila huku hakuna anayekukalisha chini akueleze. Mtu mmoja analipia eneo zima kwa kampuni, mita 256 kwa 256, yaani mita za mraba 65,536, kwa fedha za kweli kila mwezi. Kisha analikata vipande na "kuwauzia" watu kama wewe. Jina lako kwenye dirisha linakuruhusu kujenga, kuweka muziki, kumfukuza mgeni asiye na adabu. Halimzuii mwenye kisiwa kukinyakua kiwanja wakati wowote. Naye akiacha kulipa huko juu, eneo lote linazimwa, na kwenye ramani hubaki maji. Nadhani ndilo lililokukuta. Kampuni nayo haiamui ugomvi wa kodi baina ya wakaazi. Imeandika hivyo waziwazi.

Ukiuliza sheria inasemaje, mimi si wakili, lakini kuna kesi moja inayojulikana. Mwaka 2006 wakili mmoja wa Pennsylvania, Marc Bragg, alifungiwa akaunti, kampuni ikidai alipata ardhi ya mnada kwa njia ya mkato. Akashtaki. Mwaka 2007 Jaji Eduardo Robreno wa mahakama ya shirikisho alikataa kumlazimisha apeleke malalamiko yake kwa msuluhishi wa faragha kama mkataba wa kampuni ulivyotaka, kwa kuwa masharti yale yalimwonea mteja. Watu walishangilia. Lakini miezi michache baadaye pande mbili zikapatana nje ya mahakama, kwa hiyo swali lenyewe, kama ardhi ile ilikuwa mali yake au la, halikupata hukumu. Mkataba wa leo unasema unachopata ni ruhusa ya kutumia. Hata huyo mwenye kisiwa wako hana zaidi ya hiyo.

Sasa kinachookoleka. Fungua stoo yako ya vitu. Kanga ulizochora mwenyewe na milango uliyojenga mwenyewe, kama ulihifadhi nakala kabla ya kuvipanga dukani, bado viko pale. Kuzama kwa kisiwa hakugusi stoo. Tazama pia folda ya vilivyopotea na kupatikana. Wasiwasi wangu ni vile ulivyonunua kwa wengine vikiwa vya nakala moja tu, labda zile meza za duka. Kuhusu vitu hivyo, waandikie huduma kwa wateja wa kampuni, ukitaja jina la eneo na siku ya mwisho ulipoingia. Mwezi uliolipa mbele uhesabu umekwenda.

Ukitafuta kiwanja kingine, kabla ya kulipa fungua dirisha la About Land, nenda sehemu ya masharti ya kisiwa. Pale pameandikwa jina la mwenye kisiwa. Lilinganishe na jina la anayepokea kodi. Yakitofautiana, unakodi kwa mpangaji, na mpangaji akikimbia mwenye kisiwa hakujui. Lipa wiki kwa wiki, hata ukiahidiwa punguzo la miezi mitatu. Au hamia Bara. Ndiyo, hata huko kuna Bara na visiwa! Ardhi ya Bara unaishika moja kwa moja kutoka kampuni, bila mtu katikati, ila lazima uwe mwanachama wa kulipia. Majirani wa Bara, lakini, huwachagui. Hilo nalijibu chini.

*Mambo Fundi. Nipo Dar. Nilikuwa na kiwanja Bara, nikataka kumpa mdogo wangu bure. Nikaweka bei sifuri, mtambo ukakataa, ukasema lazima bei izidi sifuri. Nikaweka dola 1 ya Linden, nikamwambia dogo anunue haraka. Kabla hajafika, kiwanja kimeshanunuliwa na mtu ambaye hata hakuwepo pale. Sekunde tu, Fundi! Ameibaje?*

Poa. Hakuiba, kaka. Ulimuuzia.

Lile onyo la kukataa sifuri ndilo lililokuwa likikupigia kelele. Mtambo unakataa bei ya sifuri pale tu unapouza kwa yeyote. Ungechagua kuuza kwa mtu mmoja unayemtaja kwa jina, sifuri ingepita bila neno. Wewe ukaliondoa onyo kwa shilingi, mlango ukaacha wazi. Na waliokuwa mlangoni si binadamu. Ni programu zinazozunguka usiku na mchana zikisoma orodha ya ardhi inayouzwa, na zikiona bei ya kijinga zinanunua papo hapo. Mchezo huu ni wa zamani, mwaka 2007 watu walishakuwa wakilia nao. Mimi mwenyewe nimepoteza mita za mraba 512 hivyohivyo, mchana kweupe, nikiwa nimeinuka kwenda kumimina chai.

Mwandikie mnunuzi ujumbe wa upole, ueleze ulikuwa unampa ndugu. Yule wangu alinirudishia kwa bei ya soko, na nikamshukuru huku nimeuma meno. Ukianza kwa matusi, hata hiyo huipati. Safari nyingine: taja mnunuzi kwanza, jina likae mahali pake, kisha ndipo uandike bei. Na hakikisha mdogo wako ni mwanachama wa kulipia mwenye nafasi ya kutosha kwenye kiwango chake cha ardhi, maana Bara hawezi kupokea hata zawadi bila hivyo.

*Habari ya kazi Fundi. Mimi ni mwanafunzi, Nakuru. Nimekodi kiwanja kidogo, nikiweka nyumba inakaa kama dakika tano halafu inatoweka. Nimefanya mara sita. Mwenye kiwanja anasema kwake kila kitu kiko sawa.*

Njema. Kwake kiko sawa kweli. Fungua folda ya vilivyopotea na kupatikana, utazikuta nyumba zako sita zimepangana.

Kiwanja chako ni cha kikundi, na kimewekewa saa: kitu chochote kisicho cha kikundi kinarudishwa kwa mwenyewe baada ya dakika kadhaa, ili wapita njia wasiache takataka. Wewe umo kwenye kikundi, lakini unapoweka nyumba hujavaa jina la kikundi. Angalia juu ya kichwa cha avata yako pameandikwa nini. Washa jina la kikundi kwanza, likionekana kichwani, ndipo utoe nyumba. Kwa nyumba ambayo iko chini tayari, bofya kulia, hariri, kwenye sehemu ya jumla badilisha kikundi kiwe hicho, na ufanye hivyo kabla ya dakika tano kuisha. Ukiona bado inarudi, soma sababu kwenye ujumbe wa mtambo badala ya kuufunga. Vijana mna mkono mwepesi wa kufunga ujumbe.

*Shikamoo Fundi. Niko Kisumu, natumia laptop na hotspot ya simu. Avata yangu imebaki wingu jeupe siku mbili sasa. Rafiki yangu kaniambia nifute kashe, nimefuta mara tatu, bando limeisha na wingu liko palepale.*

Marahaba. Huyo rafiki mwambie akulipie bando.

Second Life si kama mchezo unaoupakua mara moja ukaisha. Kila ukuta, kila nywele, kila kanga ya mama wa Ruwi inashuka kupitia intaneti unapoitazama. Kashe ndiyo kabati inakohifadhiwa ili usiivute tena. Ukiifuta, umemwaga sukari yote kwa sababu ya siafu mmoja, halafu unarudi dukani kununua kilo nyingine. Kufuta kashe ni dawa ya mwisho.

Fanya hivi. Ukiwa ndani bonyeza Ctrl, Alt na R kwa pamoja. Hiyo inauambia mtambo uipake avata yako upya. Ngoja dakika mbili bila kugusa kitu. Ikikataa, vua kila kitu uvae vazi moja jepesi lililokuja na akaunti. Ikikataa tena, toka, na kwenye ukurasa wa kuingilia usichague mahali ulipoachia. Andika jina la eneo jingine lenye watu wachache. Mara nyingi huishia hapo. Kisha punguza umbali wa kuona. Kawaida huwa mita 128; weka 64. Huhitaji kuona paa la jirani wa nne kwa bando lako mwenyewe.

Wingu lisikutie aibu. Mwaka 2008 nilipoingia mara ya kwanza, kwenye saiba moja hapa Mombasa, intaneti yetu ilikuwa inapanda setilaiti, maana waya wa kwanza wa baharini kuanza kazi hapa, SEACOM, ulikuja 2009. Siku zile avata ikishindwa kupakia haikuwa wingu. Ulionekana kama avata ya mwanzo kabisa, mwanamke mmoja wakimwita Ruth. Nikasimama kwenye uwanja wa watu, mwanamume mzima na ndevu zangu, nikisalimiana na wageni kwa sauti nzito ya maandishi, na wote wanamwona dada. Nililipia saa nzima na sikuwahi kuiona suruali yangu. Kijana wa saiba alikuwa nyuma yangu akicheka mpaka akakaa chini.

*Fundi, hujambo. Toronto hapa. Kiwanja changu ni cha Bara, nimejenga baraza nzuri inayotazama machweo. Jirani kasimamisha bango linalozunguka na kuwaka taa, kwenye ardhi yake. Nimemwomba kwa heshima, kakataa.*

Sijambo. Ardhi ni yake, muache. Ingia kwa programu ya Firestorm, bofya kulia juu ya bango, tafuta amri ya kulifuta kwenye skrini yako. Zipo mbili, ya muda na ya kudumu. Chagua ya kudumu, maana ya muda itakurudishia bango baadaye. Wageni wako bado wataliona, kwa hiyo wafundishe nao.

*Marekebisho:* Toleo lililopita niliandika kwamba kiwanja cha Bara cha mita za mraba 1,024 kinabeba vitu vya uzito wa 234 (kwa kipimo cha mle, si kilo). Wasomaji wawili wamenikosoa, na wana haki: hizo ni hesabu za zamani, eneo zima lilipokuwa linabeba 15,000. Bara siku hizi ni 22,500, kwa hiyo kiwanja hicho kinabeba 351. Aliyebomoa ghorofa yake ya juu kwa sababu yangu, naomba radhi. Airudishe.