Ghuba Ndogo Haichorwi kwa Haraka

Wanaoanza kuchora mandhari ya bahari huniuliza mara kwa mara waanzie pwani ya aina gani. Jibu langu halibadiliki: tafuta ghuba ndogo, ile iliyobanwa na majabali huku na huku, yenye mlango mwembamba wa kupitisha bahari. Bahari wazi ni ngumu. Ukikaa mbele yake huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Ni mstari wa upeo na maji mpaka macho yachoke. Ghuba inakupa mipaka. Jabali kushoto, jabali kulia, ufuko uliopinda katikati, na maji yaliyotulia kiasi cha kuonyesha mchanga ulio chini yake. Kazi ya kupanga picha, ambayo ndiyo humtesa mchoraji mgeni, nusu yake imeshafanyika kabla hujatoa penseli.

Naamini hicho ndicho kinachowavuta hata wasiochora. Mgeni akiteremka kwenye ghuba anajiona yumo ndani ya mahali. Upepo unapungua, sauti ya maji inagonga miamba na kurudi, na anakaa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Ila wengi hawateremki. Wanasimama juu ya jabali, wanapiga picha ile ile iliyo kwenye kadi za posta, wanaondoka. Kutoka juu utaona umbo tu. Umbo lina thamani yake, nami hupanda juu kwanza kulielewa kabla ya kushuka. Chukua Lulworth Cove, kusini mwa Uingereza: ukiitazama kutoka juu inakaribia kuwa duara. Upande wa bahari kuna ukuta wa mawe magumu ya chokaa, nyuma yake udongo laini, na nyuma zaidi jabali la chaki. Bahari ilipoutoboa ule ukuta, ikaanza kuula udongo laini kulia na kushoto kwa kasi kubwa kuliko ilivyoweza kuupanua mlango. Mawimbi nayo, yakishapenya mlangoni, hayaendi moja kwa moja. Yanafunguka na kupinda kuelekea kila upande wa ufuko.

Hapo pana somo kubwa la kuchora. Ndani ya ghuba mistari ya mawimbi haiwi sambamba na upeo wa macho. Inapinda kufuata ufuko. Nimeona michoro mingi ya ghuba iliyochorwa kwa mkono hodari na bado imekufa, kwa sababu mawimbi yake yamenyooka kama ya bahari wazi. Kabla ya kugusa rangi, tazama wimbi moja tangu linapoingia mlangoni hadi linapovunjika, kisha linalofuata, mpaka mkono wako uweze kuufuata ule mpindo bila kutazama karatasi.

Ushauri wangu mkuu ni huu: chagua sehemu moja, ukae maji yajae au yapwe mbele ya macho yako. Usizunguke kutafuta pembe nzuri zaidi, maana ghuba yenyewe itakuletea. Miamba iliyozama itaibuka, vidimbwi vitabaki mchangani, na jabali lililokuwa kavu litalowa na kugeuka kutoka kijivu kuwa karibu jeusi. Katika pwani nyingi, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo ukirudi kesho saa ile ile, maji yatakuwa nyuma ya jana kwa takriban dakika 50, na mchoro ulioacha nusu hautalingana na unachokiona. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hupanda juu sana na kushuka chini sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na kwa mtu anayejifunza hizo ndizo siku za kuanzia.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajikongoja, na ya mwisho vilevile. Saa mbili za katikati peke yake hubeba karibu nusu ya mpando wote. Mimi huchora ukingo wa maji wakati ule wa mwanzo, yanapokuwa karibu yametulia, halafu saa za katikati nashughulikia majabali na anga. Ukiufukuza ukingo wa maji wakati unakimbia, utafuta na kuchora upya hadi karatasi ichanike.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alilijua jambo hili vizuri, na bado bahari ilimshinda hesabu. Novemba 1885 alikuwa akichora chini ya majabali ya Étretat, Ufaransa, akidhani maji yanapwa. Wimbi kubwa likamtupa kwenye mwamba, likambeba, naye akaponea chupuchupu. Picha na vifaa vyake vikapotea. Mwaka uliofuata alikwenda kisiwa cha Belle-Île akikusudia kukaa muda mfupi. Akakaa zaidi ya miezi miwili, akichora miamba ile ile chini ya anga tofauti. Huo ndio mvuto ninaousema. Na ikumbukwe kwamba wachoraji wa wakati wake waliweza kushuka hadi majini kwa kuwa mrija wa rangi wa bati, aliouvumbua John Goffe Rand mwaka 1841, uliwawezesha kubeba rangi ya mafuta iliyokwisha tayarishwa.

Basi utajuaje pa kukaa salama? Soma ratiba ya maji ya eneo hilo, kisha usome jabali. Kwenye pwani nyingi za miamba utaona mkanda mweusi umepita ukutani, kama umepakwa lami. Ni viumbe vidogo mno vinavyoishi pale ambapo maji ya juu kabisa hurusha matone yake. Shuka chini kidogo utakuta viumbe vyenye magamba meupe, makali kiasi cha kukwaruza kiganja, na chini yao mwani unaoteleza. Weka kiti chako juu ya ule mkanda mweusi, na hakikisha njia ya kutokea nayo iko juu yake. Wengi huisahau njia: wanakaa pakavu kabisa huku nyuma yao maji yameshafunga kona waliyopitia. Usikae pia chini kabisa ya jabali linalomomonyoka; vijiwe vipya kwenye mchanga ni onyo la kutosha.

Mkanda huo ni zawadi kwa picha pia. Ukiuchora, jabali lako linapata kimo na linakaa majini badala ya kuelea.

Rangi ya maji inahitaji uvumilivu wa peke yake. Maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza, na mchanga mweupe unarudisha juu kinachobaki, ndiyo sababu penye kina kifupi pana ile rangi kati ya kijani na buluu. Palipo na mwani au mwamba panakuwa na doa jeusi. Maji ya ghuba basi ni viraka, hayana rangi moja. Kwa wapiga picha, kichujio cha lenzi kinachokata mng'ao kitakuonyesha chini ya maji, ila kinaua vimetameta vya juu. Piga kwa namna zote mbili.

Pwani ambazo maji hayapandi kwa kiasi cha kuonekana, kama sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania, subiri mwanga badala ya maji. Wachoraji Henri Matisse na André Derain walifanya kazi Collioure, mji wa pwani hiyo kusini mwa Ufaransa, majira ya joto ya 1905 na wakatoka na rangi kali zilizowashangaza watu Paris mwaka huohuo. Mchoraji Salvador Dalí alinunua kibanda cha mvuvi kwenye ghuba ya Portlligat, Hispania, mwaka 1930, na miamba ya pwani ile ikaendelea kutokea katika picha zake kwa miongo mingi.

Kama una siku moja tu, fika saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na uondoke saa mbili baada ya kupwa huko. Beba karatasi ndogo kadhaa badala ya turubai moja kubwa, na uanze ukurasa mpya kila maji yanapofika mwamba mwingine. Andika saa pembeni ya kila mchoro. Mawe na makome yaache pale pale, kwani hayo pia ni sehemu ya picha ya atakayekuja.