Kuosha DPF nyumbani: pima kwanza, fungua baadaye

Ndugu wa Kondele, Kisumu, umesema Mazda CX-5 yako ya dizeli iliwasha taa ya DPF, kile kichujio cha masizi kwenye egzosi, sasa taa inamweka, nguvu zimepungua, na fundi anataka kulipasua kopo la kichujio hicho, atoe kilichomo ndani kisha alichomelee tena. Umeuliza kama unaweza kuiosha mwenyewe nyumbani. Unaweza. Niko Nakuru, nimeosha ya gari langu na za majirani kadhaa. Lakini kabla hujashika spana, jua kwanza unakwenda kuosha nini, maana hapo ndipo watu wanapopoteza pesa.

Ndani ya DPF hukusanyika vitu viwili. Masizi ni kaboni ya dizeli ambayo haikuungua vizuri, na hayo gari huyachoma lenyewe. Ukipanda mlima na mzigo, joto la egzosi huyala polepole. Yakizidi, kompyuta huongeza dizeli kidogo mpaka joto ndani ya kichujio lifike karibu nyuzi 600 na masizi yaishe. Mafundi huita rijeni. Majivu ni jambo lingine: yanatokana na kalisi, zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili ya injini, na hakuna rijeni itakayoyaondoa. Gari linalozunguka mjini tu, Kondele hadi Milimani na kurudi, kwa kawaida linaugua masizi, kwa sababu kila rijeni ikianza dereva anazima injini. Lililokwisha kutembea kilomita nyingi ndilo lenye majivu, na huko ndiko maji yanakosaidia hasa.

Kwa hiyo tafuta mashine inayosoma data injini ikizunguka. Ile ya kufuta taa tu haitoshi. Kodi ya hitilafu P2463 inalalamikia masizi, P242F majivu. Ukiona P2452 hadi P2455, shida iko kwenye sensa ya presha au nyaya zake. Sasa fanya jaribio hili, ni dogo lakini limeokoa wengi: fungua swichi bila kuwasha injini. Hakuna moshi unaopita, kwa hiyo tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya kichujio lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri, sensa inadanganya na DPF yako huenda haina kosa. Kagua pia vile vipira viwili vinavyotoka kwenye kopo kwenda kwenye sensa. Jirani yangu alikuwa ameshaulizia bei ya DPF ya eks-Japan, kumbe kipira kimoja kimepasuka. Sensa ikiwa nzima, washa injini ipate moto: ikitulia, kichujio safi husoma milibaa chache tu.

Ukiwa hapo hapo, chomoa kipimo cha oili. Cha Mazda ya dizeli kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Rijeni zinazokatizwa hushusha dizeli ndani ya oili, na oili ikifika kwenye X, badilisha kabla ya kufanya lolote. Oili nyepesi inaua injini, na injini ni ghali kuliko DPF mara nyingi.

Angalia thamostati pia. Ikikwama wazi, injini haipati moto wa kutosha na kompyuta haitaanzisha rijeni hata uendeshe hadi Malaba. Injekta inayovuja, EGR (vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) iliyokwama, au paipu ya tabo inayopumua hewa, zote hutengeneza masizi kuliko kichujio kinavyoweza kuyamaliza. Ukiosha bila kurekebisha hayo, utaosha tena.

Umepima, na kweli imeziba? Basi ifungue, injini ikiwa baridi kabisa. Nyunyizia nati dawa ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Sensa za joto hupenda kukwama, usizilazimishe zikavunjika. Vaa glavu na barakoa inayoziba vizuri. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, liliutaja moshi wa dizeli mwaka 2012 kuwa unasababisha saratani kwa binadamu, na masizi unayoyashika ndiyo yaliyomo kwenye moshi huo.

Kabla ya maji, ipime uzito kwenye mizani ya duka la nafaka na uandike. Kisha iloweke kwa maji ya vuguvugu na dawa ya kuosha DPF, au sabuni ya maji isiyo kali, usiku kucha. Suuza kwa mpira wa maji wa kawaida, ukiingiza maji upande wa kutokea moshi ili uchafu urudi ulikoingilia. Vijia vya ndani vimezibwa upande mmoja mmoja kwa kupishana, kama sega la asali lililofunikwa, kwa hiyo usishangae huoni mwanga upande wa pili na usichokonoe kwa waya. Mashine ya presha ya kuoshea magari iache, inapasua kauri. Usitie petroli, asidi ya choo wala magadi ya sabuni, kwani ndani mna madini ya kichocheo yanayoharibika.

Maji meusi yakusanye kwenye ndoo, usiyamwage mtaroni. Hapa kwetu mitaro inaelekea Ziwa Nakuru, huko kwenu Ziwa Victoria, na zinki si chakula cha samaki.

Kukausha ndiko watu wanakokosa subira. Anika juani, geuza geuza, kisha irudishe kwenye mizani. Uzito ukiendelea kushuka siku hadi siku, bado kuna maji. Ukitulia chini ya ule wa mwanzo, umekauka, na tofauti ndiyo uchafu uliotoka. Funga kwa gasketi mpya, futa hesabu ya masizi na majivu kwa mashine, halafu toka na gari. Barabara ya Ahero kwenda Kericho inakufaa: kutoka ziwani, mita 1,130 hivi juu ya bahari, unapanda hadi kama 2,000, na injini inafanya kazi ya kweli. Usisimame juu ya nyasi kavu, joto la egzosi wakati huo linaweza kuziwasha.

Na kuhusu kupasua kopo: usikubali. Wanaodai dizeli yetu haifai kwa DPF wanazungumzia zamani, ilipokuwa na salfa sehemu 500 kwa milioni. Januari 2015 kiwango kilishushwa hadi 50. Moshi utakaoutoa utavutwa na mama anayeuza mboga pale stejini na watu wa boda wanaokufuata nyuma. Tafuta oili ya daraja la ACEA C3, yaani isiyoacha majivu mengi, au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ili majivu yachelewe kurudi.

Tuandikie sensa inasoma ngapi injini ikiwa imezimwa, na oili iko wapi kwenye kipimo, tujue kama kuna haja ya kuifungua.