Kibete cheupe au kibete mweupe?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu nyota simbiotiki, yaani jozi ya nyota, moja baridi na moja moto, zinazozungukana. Niandike "kibete mweupe" au "kibete cheupe"? Mwenzangu pia anataka tuziite "nyota zinazotegemeana". Ni sahihi?

JIBU: Andika kibete cheupe, yaani mabaki madogo na ya moto ya nyota iliyokwisha kuzimika. Kibete akiwa mtu, uhai unavuta upatanisho wa A-WA: kibete huyu amefika. Nyota haina uhai, kwa hiyo jina linarudi kwenye ngeli yake ya KI-VI. Tumeshazoea hilo bila kulitambua. Kifaru wa porini amejeruhiwa, lakini kifaru cha jeshi kimelipuliwa. Kiboko yuko mtoni, kiboko cha kuchapia kimetundikwa ukutani. Jitu jekundu, ile nyota jirani yake iliyovimba na kupoa, halina mgogoro.

La mwenzako ni gumu zaidi. Kiambishi -an- kinadai kutendeana, na hapa kutendeana hakupo. Jitu jekundu linapuliza gesi yake angani, kibete kinainyaka na kuipasha moto. Kibete kinapata; jitu halirudishiwi kitu. Huko si kutegemeana, ni kunyonya! Kuzungukana sawa, maana zote mbili huzunguka kitovu kimoja cha uzito.

Tena jina lenyewe, simbiotiki, lenye maana ya kuishi pamoja, lilitokana na spektra, yaani mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi. Paul Merrill, mwanaastronomia wa Marekani aliyelieneza kuanzia miaka ya 1940, aliona katika mwanga wa nukta moja ya angani mambo yasiyopatana. Kulikuwa na mikanda myeusi ya oksidi ya titani, molekuli inayodumu penye joto la nyuzi 3,000 hivi tu. Juu yake iling'aa mistari ya heliamu iliyonyang'anywa elektroni, jambo linalohitaji makumi ya maelfu ya nyuzi. Nyota moja haiwezi kuwa baridi na moto kiasi hicho kwa pamoja. Kilichokuwa "kikiishi pamoja", basi, ni baridi na moto ndani ya spektra moja, mithili ya viumbe wawili wa jamii tofauti wanaoishi pamoja.

Kwa hiyo mimi ningebaki na nyota simbiotiki, nikifafanua mara ya kwanza tu: "jozi ya nyota, baridi na moto, zinazoishi pamoja". Na usiandike "nyota pacha". Pacha huzaliwa pamoja na aghalabu hufanana, na hizi, ingawa kuzaliwa zilizaliwa pamoja, ukiziweka kando kwa kando huwezi kudhani ni ndugu.