Kurasa za kati zimekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Jumapili nilinunua boksi la magazeti ya vibonzo pale gulio la Jeu de Balle, hapa Brussels. Ni Spirou na Tintin za miaka ya 1960: vichekesho, makauboi, mpira, mbio za magari, vyote humo humo. Kufika nyumbani naona Spirou nyingi hazina kurasa za katikati, na Tintin zimetobolewa kwa mkasi. Nimepigwa?
Msomaji, Brussels

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Muuzaji mwache. Aliyekata ni mtoto, tena wenye gazeti ndio waliomwambia akate.

Kuanzia 1959 Spirou walikuwa na kitu walichokiita mini-récit. Unachomoa karatasi za kati, unakunja, unachana kingo, unabana pini. Unabaki na kijitabu cha kuenea kiganjani, hadithi nzima ndani. Wale vijitu wa buluu wa mchoraji Peyo, Schtroumpf (Smurfs kwa Kiingereza), hadithi yao ya kwanza ya peke yao ilitoka hivyo, mwaka huo huo. Kwa hiyo kabla hujalalamika, kung'uta boksi. Vijitabu hupenda kujificha chini kabisa, na ukikipata kimoja usikinyooshe kwa pasi (nimeona mtu akifanya).

Matundu ya Tintin ni ya kuponi, timbre Tintin. Watoto walizikata, wakazikusanya, wakabadilishia zawadi. Balaa ni kwamba karatasi ina pande mbili. Ninayo moja ambayo Michel Vaillant, dereva wa mbio za magari, anaingia kwenye kona, na gari lenyewe limekwenda na kuponi. Nimebaki na vumbi na kelele za injini.

Bei ya yaliyokatwa huwa ndogo, basi yasome tu. Anza na Vincent Larcher, mwanasoka wa mchoraji Reding, aliyeanza ndani ya Tintin mwaka 1963. Kisha Chick Bill wa mchoraji Tibet, kauboi wa kuchekesha. Hadithi zilitoka kipande kwa kipande kila wiki, kwa hiyo yapange kwa namba ya toleo kwanza, la sivyo utaona risasi leo na bunduki ikichomolewa kesho.

Palipochanika usibandike selotepu. Itageuka rangi ya chai na kuacha gundi. Pini zenye kutu zing'oe taratibu kwa ukucha.

Ukitaka yaliyo kamili, ulizia recueil. Dupuis, wachapishaji wa Spirou, walikuwa wakichukua matoleo yaliyobaki bila kuuzwa na kuyajalidi pamoja kwa jalada gumu, yaani mkasi wa mtoto haukuwahi kuyafikia. Hata hivyo fungua katikati ya kila toleo kabla hujatoa pesa.

Na Lucky Luke, yule kauboi, kwenye Spirou zako utamkuta na sigara mdomoni. Usishangae: unyasi badala ya sigara alianza kuutafuna 1983.