Mama mwenye kisukari na jino la kupandikiza

Dada, kisukari peke yake hakimzuii mama kuwekewa jino la kupandikiza. Cha kuuliza ni kama sukari yake imetulia. Jino hilo husimama juu ya skrubu ya titani inayowekwa ndani ya taya, na skrubu hiyo haishikwi na gundi. Mfupa wa taya ndio unaoota na kuibana, kazi ya miezi 3 hadi 6 hivi. Sukari ikikaa juu muda wote, damu haifiki vizuri kwenye fizi, seli zinazojenga mfupa zinazorota, na bakteria wanapata nafasi.

Kwa hiyo msiridhike na kipimo cha kidoleni cha asubuhi. Mtu akijibana siku mbili tu anatoa namba nzuri (wazee wetu tunawajua!). Aende na majibu ya HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Ikiwa chini ya asilimia 7, madaktari wengi huendelea. Ikipita 8, wengi humwambia asubiri kwanza, na naona wana haki, hela yenyewe si ndogo. Fizi zinazotoka damu zitibiwe kabla. Na kama anameza alendronate kwa ajili ya mifupa, amwambie daktari wa meno hata asipoulizwa.