Kustaafu mapema Nairobi: hesabu pesa inayoingia, sio ploti

Ukiniuliza kuacha kazi na miaka 45 hapa Nairobi kunataka nini, mimi sitauliza uko na ploti ngapi, nitauliza kwa mwezi unatumia ngapi. Andika miezi kadhaa bila kujidanganya, renti, nauli, fizi za watoto, pesa ya kutuma ocha, mpaka tokeni za stima, alafu uongeze bima ya hospitali manake ile ya ofisi inaisha ukitoka.

Tuseme imefika 60,000. Hiyo ni 720,000 kwa mwaka. Wamarekani huzidisha mara 25 kujua akiba ya kutosha kustaafu, na hapo unapata milioni 18, lakini hiyo hesabu msingi wake ni kazi ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, ya 1994, aliangalia hisa na bondi za kwao na mtu wa kuishi miaka 30 baada ya kustaafu. Wewe ukitoka na 45 unaweza pita hiyo miaka, na bei za huku zinapanda kivyake, kwa hivyo isikulaze usingizi.

Ploti ya Joska huko nje ya Nairobi inaweza panda bei, sawa, lakini haikulipii renti, na siku unataka kuiuza haraka ndio utajua wanunuzi wako wapi. Ndio maana mimi napenda sana bondi za miundombinu za serikali, yaani unaikopesha serikali pesa, riba inaingia kila miezi sita na haikatwi ushuru, na akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu, ile ya kununulia bondi, unafungua kwa simu tu. Usile hiyo riba yote lakini, ingine irudishe ununue bondi ingine, la sivyo baada ya miaka kumi hizo 60,000 hazitatosha hata shopping. Pesa ya dharura weka MMF (money market fund, mfuko wa uwekezaji wa pamoja) yenye leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji.

Sacco nayo ni nzuri, nyingi zinakukopesha hadi mara tatu ya akiba, shida iko kwa kudhamini. Ukidhamini wenzako akiba yako inashikiliwa mpaka walipe ama wapate mdhamini mwingine, na kuna watu wamepanga kutoka kazi vizuri kabisa wakapata pesa yao imefungwa na mkopo wa mtu wa ofisi ingine. Kama unatoka mwaka ujao, itisha hiyo orodha ya wale umedhamini wiki hii na uanze kuwapigia mmoja mmoja.