Jibu: Kutengeneza mwonekano wa folda kwa makro, Outlook

Mkuu, umeuliza namna ya kufanya folda zako zote za miradi zionyeshe barua zisizosomwa tu bila kuziseti moja moja. Inawezekana, ila kwa Outlook ya zamani ya kompyuta. Ile mpya haipokei VBA (lugha ya kuandikia makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe) kabisa, usijisumbue nayo.

Bonyeza Alt+F11 kufungua kihariri cha VBA, andika makro. Ndani yake chukua folda moja, kisha tumia Views.Add yake kuunda mwonekano, uuite v: ipe jina, halafu olTableView (mwonekano wa jedwali), mwisho olViewSaveOptionAllFoldersOfType ili mwonekano upatikane kwenye folda zote za barua. Kichujio ndipo wengi wanapokwama:

v.Filter = """urn:schemas:httpmail:read"" = 0"

Alama za nukuu zimerudiwa makusudi. Na usianze na @SQL= kama ulivyozoea kwenye Restrict (amri ya kuchuja barua ndani ya msimbo), hapa haitakiwi. Malizia na v.Save.

Kuuhifadhi hakuufanyi utumike. Pitia folda zako moja moja kwa For Each (amri ya kurudia), kila moja iweke kuwa CurrentFolder ya ActiveExplorer (dirisha la Outlook lililo wazi), ndipo CurrentView ya dirisha hilo uipe jina la mwonekano wako. Skrini itarukaruka kidogo, iache. Ukiendesha tena makro, Views.Add itagoma maana jina lipo tayari, kwa hiyo kagua kwanza. Ikileta kosa, weka hapa mstari uliopakwa njano.